Ruta ya Nyumbani Inapogoma Baada ya Kubadilishwa Programu



Katika nyumba nyingi siku hizi, kile kisanduku chenye antena kilichowekwa juu ya kabati la sebuleni kimekuwa mithili ya bomba la maji: hakuna anayekitazama mpaka siku kitakapokauka. Siku hiyo mtoto wa kidato cha nne hukosa masomo yake, mama anayepokea oda za nguo kwa simu hukosa wateja, na bibi aliyezoea kuzungumza na mwanawe aliyeko Muscat hubaki akiuliza kulikoni. Juma hili tumeona vyema tuzungumzie ukavu wa aina moja ambao mafundi wa mtaani mara nyingi hawapendi kuugusa: ruta iliyoondolewa programu ya kiwandani, ikawekewa programu huria kama OpenWrt au DD-WRT, kisha ikagoma.

Tunaliandika jambo hili kwa sababu vijana wetu wanalifanya, na aghalabu wanalifanya kwa nia njema. Kijana anataka kuwachujia wadogo zake yasiyofaa, au anataka kuihuisha ruta kuukuu ambayo mtengenezaji wake ameshaitupa mkono. Nia hiyo inastahili kuungwa mkono, lakini pamoja na maarifa ya kutosha ili nyumba isibaki gizani.

Asili ya programu hizi

Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta iliyoitwa WRT54G. Mwaka uliofuata kampuni ya Cisco iliinunua Linksys, na mwaka huohuo wajuzi waligundua kuwa ndani ya ruta ile mlikuwa na Linux, programu iliyoandikwa na watu wengi na kutolewa kwa leseni ya GPL. Leseni hiyo haidai fedha. Inadai sharti: mwenye kuigawa programu kwa wengine, hata kama imo ndani ya kifaa anachokiuza, awape pia maandishi yake ya asili kwa masharti yaleyale. Malalamiko yakatolewa, na mwaka huohuo wa 2003 maandishi ya ruta ile yakawekwa wazi.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mwaka 2004 ulianza mradi wa OpenWrt, ambao hata jina lake limebeba herufi za ruta ile, na DD-WRT ikafuata. Hata hivyo mjadala wa masharti haukwisha: Desemba 2008 taasisi ya Free Software Foundation iliishitaki Cisco juu ya utekelezaji wa leseni hizo, na Mei 2009 pande mbili zikapatana. Kwa hiyo kijana anayepakua programu hizi bila kulipa hata senti ajue kuwa anachokipokea ni kazi ya watu yenye masharti yake, na kwamba masharti hayo yalipiganiwa.

Faida ya familia ni kubwa. Watengenezaji wengi huacha kuzipa ruta zao marekebisho ya usalama baada ya miaka michache, na ruta isiyorekebishwa ni mlango usio na komeo. Mei 2018 watafiti wa Cisco Talos walitangaza programu haribifu iliyoitwa VPNFilter, iliyokuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ni ruta za majumbani na za ofisi ndogo. Programu huria inayohuishwa mara kwa mara huirefushia ruta maisha. Lakini ndani ya nyumba hakuna simu ya kiwanda ya kupiga pindi inapogoma. Fundi ni wewe, na ufundi huanza kwa utaratibu.

Kabla ya kuilaumu programu

Anza na umeme. Ruta nyingi hutumia volti 12, nyingine volti 9, na ncha za adapta zake huweza kufanana kabisa. Mtu huhamisha adapta kutoka kifaa kimoja hadi kingine, ruta ikawaka, kisha ikawa inajizima na kujiwasha kila watoto wote wanapoingia mtandaoni kwa pamoja. Kijana husema programu ina kasoro, ilhali adapta ndiyo dhaifu. Soma maandishi yaliyo chini ya ruta, kisha yale yaliyo juu ya adapta. Volti ziwe sawasawa, na ampea za adapta zisipungue zile zinazohitajiwa na ruta.

Pili, acha wai-fai, tumia waya. Hili ni la msingi mno. OpenWrt inapowekwa kwa mara ya kwanza, katika ruta nyingi huja na wai-fai ikiwa imezimwa, na haina neno la siri la msimamizi. Wengi hudhani wameiua ruta kwa sababu jina la mtandao halionekani katika simu, na kwa fadhaa huanza kubonyeza kila kitufe. Chomeka waya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye moja ya matundu ya LAN, fungua kivinjari, na uandike 192.168.1.1. Ukurasa ukifunguka, ruta i hai. Weka neno la siri kwanza, kisha ndipo uwashe wai-fai na kuiwekea ulinzi wake.

Tatu, hakikisha kuwa faili uliyoiweka ni ya ruta yako. Jina la modeli peke yake halitoshi, kwani mtengenezaji huweza kuuza modeli moja yenye matoleo manne ya vifaa vya ndani vinavyotofautiana. Namba ya toleo huandikwa chini ya ruta, mara nyingi kwa herufi V na tarakimu. WRT54G yenyewe ni mfano: mwaka 2005 toleo lake la tano lilipunguziwa hifadhi na kumbukumbu na kuachana na Linux, kisha ikatolewa WRT54GL kwa ajili ya waliotaka Linux iendelee. Jina karibu lilelile, na kifaa si kilekile. Vilevile kila faili huambatana na alama ya uhakiki iitwayo sha256, yenye herufi na tarakimu 64. Faili iliyokatika njiani kwa sababu bando limeisha haitakuwa na alama hiyo. Ilinganishe kabla ya kuiweka.

Intaneti ipo au haipo?

Mtu anaposema "hakuna intaneti", anaweza kuwa anamaanisha magonjwa matatu tofauti. Tuyatenganishe.

Ugonjwa wa kwanza ni mgongano wa anwani. Nyumba nyingi zina kifaa cha kampuni ya mtandao ukutani, na ruta ya kijana imeunganishwa nyuma yake. Kifaa cha kampuni aghalabu hutumia anwani 192.168.1.1, na OpenWrt nayo huanza na anwani hiyohiyo. Ni sawa na nyumba mbili za mtaa mmoja kupewa namba moja: mpeleka barua hajui abishe wapi. Dalili yake ni kwamba ukurasa wa ruta unafunguka vizuri lakini nje hakupitiki. Dawa yake ni kuibadilisha anwani ya ndani ya ruta yako, kwa mfano iwe 192.168.5.1, kisha kuchomoa waya wa kompyuta na kuuchomeka tena ili ipewe anwani mpya.

Ugonjwa wa pili ni wa majina. Kompyuta hutafuta tovuti kwa namba, na kazi ya kugeuza jina kuwa namba hufanywa na mfumo wa DNS, ulio kama daftari la majina. Katika ukurasa wa ruta mna sehemu ya vipimo. Ipime kwanza namba, kama 1.1.1.1, kisha jina la tovuti. Namba ikijibu na jina lisijibu, njia ni nzima na daftari ndilo lenye hitilafu. Zote zisipojibu, tazama waya wa nje, au ulize kampuni ya mtandao kama inadai jina la mteja na neno la siri ambavyo programu ya kiwandani ilikuwa imevihifadhi na sasa vimefutika. Viandike vitu hivyo kabla ya kubadilisha programu, maana baadaye huwa havipo.

Ugonjwa wa tatu ni wa saa. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya kutunza majira. Umeme ukikatika, saa yake hurudi nyuma, na hujisahihisha pale tu inapoupata mtandao. Iwapo umeiwekea DNS iliyofichwa kwa usimbaji, inayohitaji tarehe sahihi ili kukagua vyeti, huenda ruta ikahitaji mtandao ili ijue saa, na ikahitaji saa ili ipate mtandao. Iwekee seva ya saa kwa namba, si kwa jina, na mduara huo utakatika. Jambo jingine la saa ni majira ya eneo. OpenWrt huanza na majira ya UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Mzazi anayetaka mtandao wa watoto ufungwe saa nne usiku, akaandika 22:00 bila kubadilisha eneo, atashangaa watoto wako mtandaoni mpaka saa saba za usiku, na kumbe ruta imemtii barabara.

Wai-fai isiyoonekana

Ruta zenye masafa ya 5 GHz zina tabia inayowatia wengi wasiwasi: unaiwasha, na jina la mtandao halionekani kwa dakika nzima. Baadhi ya chaneli za masafa hayo hutumiwa pia na rada, na kanuni huitaka ruta isikilize kwanza, kwa kawaida sekunde 60, ndipo ianze kutangaza. Katika chaneli chache zinazotumiwa na rada za hali ya hewa, kanuni za Ulaya huongeza muda huo hadi dakika 10. Ukitaka ije upesi, chagua chaneli 36, ambayo kwa kawaida haimo katika sharti hilo.

Weka pia nchi uliyopo kwa ukweli. Wapo vijana wanaochagua nchi ya mbali ili ruta iruhusu nguvu kubwa zaidi. Kelele ya antena yako hupita ukuta hadi kwa jirani kama inavyopita ya redio, naye hana kitufe cha kuipunguza. Mamlaka nazo hulitazama: mwaka 2016 TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 nchini Marekani kwa sababu baadhi ya ruta zake ziliweza kuzidi kiwango cha nguvu pale mtumiaji anapobadilisha nchi. Katika makubaliano hayohayo iliahidi kushirikiana na waandishi wa programu huria ili vifaa vyake viendelee kuzipokea.

Mchujo usiochuja

Hapa ndipo penye shabaha ya wazazi wengi. Njia nyepesi ni kuielekeza ruta kwenye daftari la majina linalokataa tovuti za aibu, kama 1.1.1.3 ya Cloudflare, iliyoanzishwa Aprili 2020. Ndani ya dakika tano kazi imekwisha, na baba analala akiwa ametulia. Siku ya tatu anagundua kuwa simu ya kijana bado inafungua kila kitu.

Sababu ni tatu. Kwanza, simu za Android tangu toleo la 9 zinaweza kuwekewa DNS yao binafsi, na baadhi ya vivinjari vina DNS yao, hivyo havipiti katika daftari la ruta. Ruta inaweza kuwekewa kanuni za kuzirudisha njiani baadhi ya njia hizo, ila si zote. Pili, kanuni inayomlenga mtoto kwa anwani ya kifaa chake hushindwa kwa kuwa simu za sasa hujibadilishia anwani hiyo. Izime tabia hiyo katika simu kwa ajili ya mtandao wa nyumbani, la sivyo ruta itaona mgeni mpya. Tatu, kijana akizima wai-fai na kununua bando, ruta yako haimo tena katika shauri hilo.

Basi mchujo wa ruta ni pazia: huwasitiri wadogo na yale wanayoyaangukia kwa bahati mbaya. Kwa aliyekusudia, kinachobaki ni malezi na mazungumzo.

Na kuna upande wa pili ambao hatuna budi kuusema. Mwenye neno la siri la ruta anaweza kuiamuru iandike kila jina la tovuti linaloulizwa na kila simu ya nyumba nzima. OpenWrt haifanyi hivyo mpaka iamriwe. Kijana aliyewekewa dhamana hiyo na wazazi asiigeuze kuwa dirisha la kuchungulia mambo ya mama yake au ya shemeji yake, wala mume asiifanye ndoana dhidi ya mkewe. Yatakayowekwa yawe yametangazwa nyumbani: nini kinachujwa, nani anachujiwa, na saa ngapi mtandao unafungwa. Kanuni inayojulikana hulea, na upelelezi wa siri ukigundulika hubomoa kilichojengwa kwa miaka.

Ruta iliyofungiwa nje au isiyoamka

Ukiweka kanuni mbaya ukajifungia nje, usikate tamaa. Katika ruta nyingi zenye OpenWrt, kubonyeza kitufe cha kurejesha kwa zaidi ya sekunde tano ruta ikiwa imewaka hufuta mipangilio. Fahamu kuwa kitufe hicho hakirudishi programu ya kiwandani. Kinaifanya OpenWrt ianze upya, wai-fai ikiwa imezimwa kama ilivyokuwa siku ya kwanza.

Kisipofaa, ipo hali ya dharura. Zima ruta, iwashe, na uitazame taa yake. Itakapoanza kupepesa haraka, bonyeza kitufe. Katika hali hii ruta haigawi anwani wala haina wai-fai, kwa hiyo ipe kompyuta yako anwani 192.168.1.2 kwa mkono, kisha ingia kwa SSH katika 192.168.1.1. Ukiandika firstboot na kuthibitisha, kisha reboot, mipangilio yote itafutika. Hii pia ni dawa ya ruta iliyojazwa programu za ziada hadi hifadhi ikaisha. Mradi wenyewe unaonya kuwa ruta yenye hifadhi ya megabaiti 4 na kumbukumbu ya megabaiti 32 haifai tena kwa matoleo ya sasa. Usiinunue hiyo kwa sababu tu ni rahisi.

Ruta isipoamka kabisa, aina nyingi zina njia ya uokoaji ya TFTP. Ruta ikiwashwa huku kitufe kimeshikiliwa, huomba faili kutoka kwenye kompyuta yenye anwani maalumu. Katika modeli nyingi za TP-Link anwani hiyo ni 192.168.0.66, na faili lazima ipewe jina lile hasa ruta inalolitafuta. Ukurasa wa modeli yako katika hazina ya OpenWrt ndio utakaokueleza. Usifuate mapishi ya jumla, kama lile la zamani la DD-WRT la kushikilia kitufe sekunde 30 mara tatu, ambalo halikukusudiwa ruta za sasa. Hatua ya mwisho ni kufungua kisanduku na kuunganisha waya za siri kwenye bodi. Hapo mwachie mwenye uzoefu, kwani bodi nyingi hutaka volti 3.3 na hazisamehe zaidi ya hapo.

Na unapohuisha toleo, usibebe mipangilio ya zamani pasipo kuuliza. Toleo la 21.02 la mwaka 2021, kwa mfano, lilibadilisha namna matundu ya waya yanavyopangwa katika ruta kadhaa, na waliobeba ya kale walijikuta wamekatika.

Daftari la nyumba

Tunaijua nyumba moja ambayo kijana wao aliiwekea ruta OpenWrt vizuri kabisa, kisha akaenda chuoni mkoa mwingine. Umeme ukakatika, ruta ikarudi na hitilafu, na mama mtu, ambaye riziki yake ya ushonaji hupitia simu, akakaa siku nane bila mtandao wa nyumbani, akinunua bando dogodogo kila asubuhi. Neno la siri lilikuwa kichwani mwa kijana, na kijana alikuwa katika mitihani. Kumbe dawa ilikuwa ni kubadilisha adapta tu.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa kila kijana aliyeibadilisha ruta ya wazazi wake ni huu. Chukua daftari la kawaida, uandike kwa kalamu: modeli na toleo la ruta, programu iliyomo na tarehe uliyoiweka, anwani yake ya ndani, neno la siri la msimamizi, jina na neno la siri la kampuni ya mtandao, na hatua za kuirejesha. Chapisha nakala ya mipangilio na uiweke katika kumbukumbu ndogo ya USB ndani ya bahasha. Kisha keti na mdogo wako, awe wa kiume au wa kike, afanye hatua hizo mwenyewe ukimtazama. Ukiweza, mnunulie mama ruta ya pili ya bei nafuu iliyo na programu yake ya kiwandani, ikae kabatini kwa siku ya dharura.

Kifaa ulichokibadilisha kinatumiwa na watu ambao hawakuomba kibadilishwe. Wanakuamini. Wape na funguo.